Hanamu ya Kushoto

Nyamizi hushona makubadhi pale Gongoni,
na mkono wake wa kazi ni wa kushoto.
Alikuja na kisu cha dukani, akakilaza mezani kwangu:
"Tazama. Hanamu iko upande wa watu wengine.
Nikipunguza ukingo wa ngozi, chenyewe kinazama,
ngozi inatoboka, mteja anadai hela yake.
Nitengenezee changu."

Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.
Ndiyo yangu hutangulia siku zote,
mimi hufuata nyuma na madeni.

Chuma nilikuwa nacho: springi ya Landrova
iliyokufa njia ya Sikonge msimu wa tumbaku.
Nikaitia moto hadi ikawa nyekundu,
nikaizika kwenye majivu ilale kama kiazi.
Asubuhi ilikuwa laini, ikakubali umbo.
Likabaki moja tu, ule mteremko
kutoka mgongoni hadi kwenye makali,
nyuzi kumi na nane,
upande mmoja, basi.

Nikaazima grenda kwa Kasubi, fundi mageti wa Cheyo.
Dakika mbili. Cheche zikafika ndoo ya jirani,
na hanamu ikatoka na mawimbi
kama barabara ya Urambo kabla ya lami.
Kasubi akakipima kwa kidole gumba:
"Hiki cha kufyekea, ndugu yangu."

Nikaenda sokoni kutafuta tupa.
Kiswahili kina utani wake:
tupa ni chombo, na tupa ni amri.
Ile mpya, ya elfu nne, yenye karatasi ya dhahabu,
iliteleza juu ya chuma kama mjusi kiooni.
Meno yake yaliisha kabla ya adhuhuri.
Nikatii amri.

Nyamizi alikuwa akipita jioni. Haulizi.
Anaangalia jiliwa tupu, anaangalia miguu yangu,
anaona viatu vyangu vya plastiki, anaenda zake.

Siku ya tisa nikanunua vitumbua kwa Kalunde,
nyuma ya karakana ya reli.
Mlango wake ulikuwa umezuiwa na kitu cheusi,
inchi kumi na mbili, chenye masizi na mafuta.
Nikapitisha ukucha: ukakwama kila jino.
Tupa ya marehemu baba yake, fundi wa mabehewa.
"Bei gani?"
"Na mlango wangu nizuie na nini? Na pua yako?"
Nikarudi kesho yake na kabari ya mninga,
nimeipiga msasa hadi inang'aa.
Akaigeuza, akainusa. "Chukua. Kwa kuazima."

Basi tupa ikala. Ikala kweli.
Ila kiwiko changu kilikuwa kikiyumba,
nyuzi kumi na nane huku, ishirini na tatu kule.
Nikang'oa bawaba ya dirisha la choo,
nikaifunga ubaoni, nikatia fimbo ya mwavuli,
bolti chini yake ya kupandisha na kushusha.
Mkono sasa ulikuwa na reli ya kupita.

Nikapiga tupa saa nzima kwa raha, nikipiga mluzi,
ndipo nikaona: nimeanza upande wa watu wengine.

Nikakaa chini. Kisha nikachukua kipande kingine,
nikahamia ng'ambo ya meza,
nikashika mpini wa tupa kwa mkono wa kushoto.
Mkono ule haujawahi kunifanyia kitu
zaidi ya kushikilia sahani.
Ukatetemeka, ukakwaruza, ukajuta.
Siku tatu. Bega likavimba.
Nikajiuliza: huyu dada mikasi anaishikaje?
Na nani alimchapa shuleni, na mara ngapi?

Nikakichovya kwenye mafuta ya alizeti,
nikakioka taratibu hadi rangi ya chai ya rangi,
nikakimalizia juu ya kinoo.

Alikuja na kipande cha ngozi ya ng'ombe.
Akalaza kisu, akasukuma mara moja.
Ngozi ikajikunja mbele ya makali,
nyembamba kama ganda la kitunguu, ndefu, haikukatika.
Akaishika kwenye mwanga, akanyamaza muda mrefu.
Kisha akasema:
"Mpini mfupi."